Sakafu ilipopanda kwa milimita 22: kurudisha choo cha kukaa mahali pake

Tulipoamua kuweka vigae katika bafu la nyumbani kwetu hapa Dar es Salaam, hesabu yote niliyoifanya ilikuwa ya vigae, gundi na ujira wa fundi. Choo cha kukaa sikukiingiza katika hesabu hiyo, kwa sababu kilikuwa kizima: kingeng'olewa, kingekaa barazani siku chache, kisha kingerudishwa palepale kilipokuwa. Ni hilo neno "palepale" lililonigharimu, kwa kuwa baada ya kazi ya vigae mahali hapo hapakuwepo tena. Sakafu ilikuwa imepanda, na ukuta ulikuwa umesogea mbele.

Fundi bomba wa kwanza alikuja Jumamosi mchana akiwa na kindoo cha simenti, nyundo na spana malaya. Aliuchukua ule mpira wa zamani unaounganisha mdomo wa sinki la choo na bomba la ukutani, akaufuta kwa kitambaa, akaurudisha. Nilipomuuliza kama haingefaa kununua mwingine mpya, alinijibu kwa upole kabisa, "Bosi, huu bado mzima, na hapa chini tunapapiga simenti. Hakitatikisika mpaka kiyama." Mama yangu, ambaye anaishi nasi na ambaye magoti yake hayamruhusu tena kuchuchumaa, alikuwa amekwenda kujistiri kwa jirani kwa muda wa karibu wiki nzima, kwa hiyo nilichotaka ni kazi iishe. Nikanyamaza.

Siku ya tisa Mama aliniita alfajiri. "Mwanangu, hebu ingia humu unuse. Chemba imefunguliwa huko nje?" Chemba haikuwa imefunguliwa. Harufu ilitoka nyuma ya choo, na kwenye mstari wa grauti kati ya vigae viwili palikuwa na doa la kahawia lenye upana wa sarafu, ambalo nililifuta likaisha, kisha likarudi mara tu mtu wa kwanza alipoflashi.

Hapa inafaa nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe sikulielewa mpaka siku hiyo. Maji yanayobaki kwenye kona ya ndani ya sinki ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande chumbani. Ni wazo la zamani, ambalo fundi saa wa Kiskoti, Alexander Cumming, alilipatia hataza London mwaka 1775, na mpaka leo kina cha maji hayo kwa kawaida hakipungui milimita 50. Nilidhani kwamba maadamu maji hayo yapo, harufu haina njia. Lakini mpira wa kuunganishia uko nyuma ya kona hiyo, upande wa shimo, na ukiachia uwazi hata wa unene wa kijiti cha kiberiti, hewa ya shimo inaingia bafuni bila kukutana na maji yoyote. Kwa hiyo mtu anaweza kumwaga dawa ya kusafishia sinki kila siku, asipate nafuu hata kidogo.

Kukitoa choo kulichukua karibu saa mbili. Simenti ilivunjwa kwa tindo ndogo, kidogo kidogo, na kigae kimoja kipya kilipasuka katika purukushani hiyo. Nimeshasikia watu wakiitetea simenti kwa sababu haihitaji skrubu wala vipimo, lakini siafikiani nao: simenti haina mnyumbuko, na choo hupokea uzito wa mtu mara kadhaa kwa siku, kwa hiyo kitakachopasuka siku moja ni ama simenti yenyewe au kauri. Tena siku ya kukifungua kwa matengenezo, fundi atalazimika kupiga nyundo mahali pasipofaa kupigwa nyundo. Kwa bahati sinki letu lilitoka zima.

Mpira wa zamani ulipotoka, maelezo mengine hayakuhitajika. Ulikuwa umekakamaa, na nilipoukunja ulitoa nyufa ndogondogo kama tope la bwawa lililokauka. Upande wake wa juu ulikuwa umebanwa mpaka midomo yake myembamba imejipinda kinyume, na upande wa chini palibaki uwazi ambao kidole changu kidogo kiliingia. Hata mpira mpya kabisa wa aina ileile usingeziba pale. Choo chetu ni cha aina inayotoa maji kwa nyuma, kuelekea ukutani, na katika vyoo vingi vya aina hiyo kitovu cha mdomo wa kutolea huwa milimita 180 kutoka sakafuni. Waliojenga nyumba waliweka bomba kwa kipimo hicho, wakipima kutoka sakafu ya simenti iliyokuwepo. Sisi tukaweka vigae juu ya sakafu hiyohiyo bila kuichimba: unene wa kigae milimita 9, gundi chini yake milimita 13, jumla 22. Choo kilipanda pamoja na sakafu, bomba likabaki lilipokuwa, na vitovu viwili vilivyokuwa vikitazamana sasa vikawa vinapishana kwa zaidi ya sentimita mbili.

Ukuta nao ulivishwa vigae na kusogea mbele kwa milimita 18, jambo lililomaanisha kwamba mdomo wa bomba ulikuwa umezama ndani zaidi kuliko zamani, na choo kimesogezwa mbali nao kwa kiasi hichohicho. Fundi wa kwanza hakuyaona yote mawili kwa sababu hakuwa na futi. Fundi wa pili, kijana mmoja mtulivu niliyeelekezwa na jirani, alianza kwa kuikunjua futi yake kabla hata ya kushusha begi.

Alichukua vipimo vinne, na nilivinakili nyuma ya risiti ya vigae. Kwanza alipima kipenyo cha nje cha mdomo wa sinki, kikawa milimita 102. Pili alipima kipenyo cha ndani cha bomba la ukutani, kikawa 103, kwa kuwa bomba letu ni lile nene. Tatu akapima tofauti ya kimo kati ya vitovu viwili. Nne, akalikalisha sinki mahali panapotakiwa, bila kufunga chochote, akapima umbali kutoka ncha ya mdomo wake hadi mdomo wa bomba. "Mzee," akaniambia, "ukienda dukani usiseme inchi nne. Watu wote wanasema inchi nne." Ni kweli kabisa. Bomba la plastiki la maji taka tunaloliita inchi nne lina kipenyo cha nje cha milimita 110, ilhali inchi nne kamili ni milimita 101.6, na kipenyo chake cha ndani hubadilika kulingana na unene wa bomba. Mipira mitatu tofauti inaweza kuuzwa kwa jina hilohilo moja, na miwili kati yake isikufae.

Nilikwenda Kariakoo nikiwa na ile risiti, futi, na sumaku ndogo niliyoibandua kwenye mlango wa jokofu, ambayo matumizi yake nitayaeleza baadaye. Muuzaji alinipokea vizuri, akanyoosha mkono juu ya rafu bila kuuliza, akanipa pani konekta iliyonyooka. "Chukua hii, baba, inakaa choo chochote." Nilimwomba niipime kwanza. Akacheka: "Pima tu, kupima hakulipiwi." Ilikuwa konekta nzuri, na kwa nyumba ambayo sakafu yake haijaguswa ningeichukua bila wasiwasi, lakini kwangu ingerudia kosa lilelile.

Konekta hizi, kwa wasiozijua, ni kipande kifupi cha plastiki chenye mpira laini upande unaopokea mdomo wa sinki, na upande wa pili huwa na midomo ya mpira iliyojipanga kama mapezi ya samaki, ambayo huingia ndani ya bomba na kujibana yenyewe. Ziko zilizonyooka. Ziko ndefu, kwa ajili ya choo kilichosogea mbali na ukuta. Ziko zilizopinda nyuzi 90, za kuupeleka uchafu chini badala ya nyuma. Na ziko zile zinazopishana, ambazo mdomo mmoja haukai mbele ya mwingine bali umeshuka kwa milimita 20 au 40. Hizo ndizo watu wengi hawajui kuwa zipo, na wauzaji wengi huziweka rafu ya chini kabisa kwa kuwa haziulizwi. Niliitafuta ya milimita 20 yenye shingo ndefu. Milimita mbili zilizobaki humezwa na ulaini wa mpira. Ukiifunga, hakikisha upande wa sinki ndio uko juu na upande wa bomba ndio uko chini, ili uchafu ushuke. Mtu akiigeuza kinyume, atakuwa amejijengea kizingiti ambacho karatasi na vinginevyo vitajikusanya nyuma yake.

Kuna pia konekta ya mikunjo, inayovutika kama kinanda cha kukandamiza, na muuzaji aliisifu sana kwa sababu inakubali upotofu wowote. Mimi siipendi. Mikunjo yake hushika uchafu ndani, na kwa kuwa imevutwa, hulegea katikati na kufanya kibonde. Ningeitumia pale tu ambapo hakuna kitu kigumu kinachoweza kufika.

Kuhusu ubora wa mpira wenyewe, nilijifunza majaribio mawili yasiyohitaji kifaa. La kwanza ni kuubonyeza kwa ukucha: alama ikipotea mara moja, mpira uko hai, ikibaki, uachie hapohapo. La pili ni kuukunja mdomo mmoja mwembamba mpaka ujiguse, kisha kuangalia kwenye mkunjo kama pana weupe au mistari. Mipira iliyokaa dirishani pa duka kwenye jua huonekana mipya kwa mbali, lakini ukiikunja hujisema yenyewe. Nilipoishika mmoja uliniachia weusi vidoleni. Nikaurudisha rafuni, nikanawa.

Jambo la kulainishia nalo nilikuwa nalikosea miaka yote. Nyumbani kwetu kitu chochote cha mpira kisichoingia hupakwa mafuta ya mgando, na ndivyo nilivyomwona baba yangu akifanya. Mafuta ya mgando, grisi na oili za gari kwa kawaida hutokana na mafuta ghafi, na mpira wa asili pamoja na ule wa kiwandani uitwao EPDM, unaotumika sana katika vifaa vya maji, huvimba na kulainika unapokutana nayo, kisha hupoteza umbo. Kinachofaa ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, iliyochanganywa na maji kidogo. Mpira huteleza, ukishaingia sabuni huoshwa na maji ya kwanza, na hakuna kilichoharibika.

Sasa ile sumaku. Katika choo chenye tangi lililokaa juu ya sinki, tangi hushikwa na bolti mbili, wakati mwingine tatu, zinazopita ndani ya maji. Bolti zetu za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka moja ilikatika fundi alipoigusa kwa spana. Sehemu nyingi za Dar es Salaam, na nyumbani kwetu tukiwemo, watu hutumia maji ya bomba na maji ya kisima kwa kupokezana, na maji ya visima vya huku pwani mara nyingi yana chumvi. Chumvi haina huruma na chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu kwa juu tu. Dukani bolti hizo hung'aa sawasawa na za brasi, tena pakiti yake huandikwa brasi, lakini sumaku haidanganyiki: niliisogeza karibu na pakiti ya kwanza ikaruka na kunata, nikasogeza kwenye ya pili ikanata, kwenye ya tatu ikaanguka mkononi mwangu. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoinunua. Bolti za stenlesi nazo zinafaa. Sumaku huweza kuzivuta kidogo sana, lakini hainati kama kwenye chuma cha kawaida, na kwa maji ya chumvi zile za daraja la 316 huvumilia zaidi kuliko za 304. Bei ya bolti za brasi ilizidi zile nyingine kwa kiasi ambacho hakifiki nauli yangu ya kwenda na kurudi.

Kila bolti huhitaji mpira wake wa umbo la koni ndani ya tangi, chini ya kichwa cha bolti, na washa za chuma na nati chini. Mpangilio huo usibadilishwe: mpira uguse kauri, washa ya chuma isiguse kauri moja kwa moja upande wa ndani. Katikati, mahali ambapo maji hushuka kutoka tangini kuingia kwenye sinki, hukaa mpira mnene wa mviringo, mfano wa kata anayoiweka mtu kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Kata hii nayo ina vipimo, kwa sababu uzi wa valvu ya kuflashi unaopita katikati yake huwa wa inchi moja na nusu au inchi mbili, na kata ya inchi mbili ikivishwa kwenye uzi wa inchi moja na nusu itapwaya na kusogea upande mmoja wakati wa kukaza. Nilikwenda na kata ya zamani mfukoni, ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, na nashauri kila mtu afanye vivyo hivyo, kwa kuwa muuzaji akiuona mpira wenyewe hataeleza tena kuhusu choo chochote.

Kukaza bolti hizi ndiko kazi inayoua matangi. Fundi wa pili alikaza nati ya kushoto mzunguko nusu, akahamia ya kulia mzunguko nusu, akarudi kushoto, huku mkono mwingine ukiwa juu ya tangi ukisikiliza kama bado linacheza. Alipofikia mahali ambapo tangi halichezi tena, aliacha, ingawa mimi nilimwona kama ameacha mapema. Kauri haitoi onyo la kunyooka kama chuma. Inakubali, inakubali, kisha inapasuka.

Kwa ndani ya tangi sikubadilisha kila kitu. Boya la kujazia lilikuwa la miaka mingi, nikalibadilisha, na hapo nilikutana na mkanganyiko wa kuchekesha. Dada yangu anaishi Marekani, na mwaka jana alinibebea kwenye sanduku boya zuri la kule, akiamini amenisaidia. Mguu wake una uzi wa inchi 7/8 unaotumika huko, na mrija wetu wa kuunganishia una nati ya nusu inchi. Havikutani kwa namna yoyote. Limebaki kabatini. La hapa la nusu inchi lilikaa mara moja, lakini lilijaza tangi kwa dakika kumi na moja, jambo ambalo kwenye nyumba ya watu saba asubuhi ni ugomvi.

Sababu yake haikuwa ubovu. Maji yetu yanatoka kwenye tangi kubwa lililokaa juu ya mnara wa mita tatu, na kila mita ya kimo hutoa msukumo wa takriban baa 0.1 tu, kwa hiyo chooni hufika msukumo usiozidi baa 0.3. Maboya mengi ya kisasa hutoka kiwandani yakiwa na kidude kidogo cha plastiki chenye tundu jembamba kwenye njia ya maji, kilichowekwa kwa ajili ya mabomba yenye msukumo mkubwa. Fundi alikichomoa kwa ncha ya bisibisi, akakiweka kwenye kiganja changu, kidogo kuliko punje ya mahindi. Tangi likaanza kujaa kwa dakika tatu. Mtu anayepokea maji ya bomba moja kwa moja, bila tangi la juu, asikitoe. Kichujio kilicho karibu nacho tulikisafisha na kukirudisha, kwa kuwa kilikuwa na mchanga.

Utepe mweupe wa nyuzi haukuhitajika kwenye mguu wa boya, ingawa mafundi wengi huuzungusha hapo kwa mazoea. Mahali palipo na washa ya mpira, mpira ndio unaoziba, na utepe huizuia nati isifike mwisho. Utepe uliwekwa sehemu moja tu, pale koki ndogo ya ukutani inapoingia kwenye bomba. Mrija wa kunyumbuka tulinunua wenye nati za brasi na kukazwa kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana.

Valvu ya kuflashi ilikuwa nzuri, tukabadilisha mpira wake wa chini peke yake. Kuipima ni rahisi: tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, usiflashi kwa nusu saa, kisha angalia kama rangi imeshuka kwenye sinki. Kwetu ilishuka kabla ya kubadilisha, na baada ya kubadilisha haikushuka. Wanaotumbukiza vidonge vya klorini ndani ya tangi ili choo kinukie wajue kwamba wanauloweka mpira huo kwenye dawa mchana na usiku. Mpira hulainika, hukunjamana, na maji huanza kuvuja taratibu bila sauti. Vidonge hivyo nimevipiga marufuku nyumbani, na Mama hajafurahi, maana alipenda yale maji ya buluu.

Vyoo vinavyotoa maji kwa chini, kupitia sakafuni, vina habari yake, na sikuvishughulikia safari hii. Dada yangu huko aliko anacho, na tulipokuwa tukizungumza kwa simu alinieleza kuwa wao huweka pete ya nta kati ya sinki na mdomo wa bomba la sakafuni. Nta hujaza kila tundu inapobanwa, lakini hairudi katika umbo lake kama mpira, kwa hiyo choo kikishainuliwa, au hata kikiyumba sana, pete hiyo hutupwa na kuwekwa mpya. Kilichonivutia ni kwamba naye aliwahi kupatwa na tatizo lilelile: waliweka vigae, sakafu ikapanda, mdomo wa bomba ukabaki chini, na pete ya unene wa kawaida haikufika. Alitumia pete nene zaidi. Kwa hapa kwetu anayenunua choo cha aina hiyo apime kwanza umbali kutoka ukuta uliokamilika, pamoja na vigae vyake, hadi kitovu cha tundu la sakafuni. Vingi vinavyoingia sokoni hutengenezwa kwa milimita 300 au 400, na tofauti hiyo haiwezi kurekebishwa na mpira wowote.

Siku ya kufunga, konekta iliingizwa kwanza ndani ya bomba la ukutani, baada ya ncha ya bomba kukatwa sawasawa na kulainishwa kwa msasa ili isichane mipira. Kisha sinki likasukumwa moja kwa moja nyuma, bila kulizungusha, mpaka mdomo wake ukazama. Pimamaji ililazwa juu ya kauri kwa urefu na kwa upana, na mahali palipokuwa na mwanya tukaingiza kabari nyembamba za plastiki. Matundu ya skrubu yalitobolewa kwa keekee isiyopiga nyundo mpaka kigae kipite, kisha nyundo ikawashwa kwa zege. Kabla ya kuzamisha fisha, vile vifuko vya plastiki vinavyoshika skrubu, fundi alidondosha silikoni kidogo ndani ya kila tundu, ili maji ya kuoshea sakafu yasiingie chini ya vigae kupitia hapo. Skrubu ni za stenlesi, mbili, na zilikazwa kwa tahadhari ileile ya tangi.

Tuliflashi mara kumi na mbili kabla ya kuziba popote. Kila baada ya mara tatu fundi alipitisha kipande cha karatasi ya chooni chini ya konekta, chini ya kata na chini ya kila nati, kwa kuwa karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Mara ya kwanza nati ya kulia iliilowesha kidogo. Akaikaza robo mzunguko, ikakauka.

Silikoni ya kuzungushia chini tulichagua ile ya bafuni yenye kinga ya ukungu, si ile inayonuka siki wakati wa kukauka, kwa sababu ya pili haielewani vizuri na baadhi ya metali. Vigae vilifutwa vikakauka kabisa, silikoni ikapigwa mbele na pembeni, na hakuna aliyekitumia choo mpaka kesho yake. Mama alirudi kwa jirani usiku mmoja zaidi, akilalamika njia nzima.

Nyuma, upande wa ukutani, tumeacha wazi bila silikoni kwa upana wa vidole vinne. Fundi alisisitiza hilo: mzunguko ukizibwa wote, konekta ikija kuvuja, maji yatajificha chini ya choo kwa miezi bila mtu kujua, ukiachwa wazi nyuma, yatatokea sakafuni siku hiyohiyo. Kila Jumamosi ninapoosha bafu napitisha karatasi pale kwenye mwanya. Ya jana ilitoka kavu, na vumbi kidogo.